Kabla ya Kujisifia Digrii

Kwenye sherehe za Waswahili wa Marekani kuna hotuba moja ambayo haikosi. Pilau imeshaliwa, bwana harusi keshapewa nasaha za kumtosha, ndipo anasimama mzee mmoja, mara nyingi yule mwenye suti nzuri kuliko wote, anashika kipaza sauti na kusema: "Ndugu zangu, mnajua kwamba sisi Waafrika tumesoma kuliko hata wenyeji wa nchi hii? Takwimu zinasema!" Makofi. Vigelegele. Baadaye, akishakaa, utamsikia akimalizia pale mezani kwa sauti ya chini: "Sasa hawa Weusi wenzetu waliozaliwa hapa, lugha yao, shule za bure, wanashindwa na nini?"

Maneno ya kwenye kipaza sauti yana ukweli ndani yake. Haya ya mezani ndiyo yaliyonifanya nizitafute takwimu zenyewe nizisome.

Kituo cha taifa cha takwimu za elimu cha Marekani, NCES, hutoa majedwali ya vijana wa miaka 25 hadi 29 na elimu waliyofikia. Umri huo una maana yake: mtu aliyeingia chuo akitoka tu sekondari, akifika hapo keshamaliza. Mwaka 2022, katika kila vijana 100 wa umri huo, kama 40 walikuwa na shahada ya kwanza au zaidi. Ukiwagawa kwa asili zao, Waasia wanapita 70, Wazungu ni kama 45, Weusi hawafiki 30, na Walatino wako karibu na 25. Anayeishia kwenye mstari huo anaondoka na hadithi nyepesi: kuna watu wa bidii na kuna watu wavivu, basi.

Tatizo linaanza ukiongeza swali la mahali pa kuzaliwa. Kwa Walatino, waliozaliwa Marekani wana digrii kuliko waliozaliwa nje. Ndivyo ungetarajia. Kwa Weusi mambo yanageuka. Mwaka 2019, kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, katika kila Weusi 100 wahamiaji wenye miaka 25 na zaidi, 31 walikuwa na shahada, na kwa wale waliozaliwa Marekani walikuwa 22. Mzee wetu wa suti hakudanganya mtu.

Lakini tujiulize. Kuzaliwa nje kunamfaa nini Mweusi, na mbona hakumfai Mlatino? Sidhani kama ni maji ya mto Pangani.

Mkulima wa kijijini Mexico aliweza, kwa basi na kwa miguu na kwa hatari kubwa, kufika Texas bila cheti chochote mkononi. Mkulima wa kwetu Muheza, Tanzania, hawezi kufika Texas kwa miguu. Kati yetu na Marekani kuna bahari, na mbele ya bahari kuna dirisha la ubalozi. Anayeomba viza ya masomo anaulizwa barua ya chuo na taarifa ya benki. Ile bahati nasibu ya viza, iliyotokana na sheria ya mwaka 1990, inataka uwe umemaliza sekondari, au uwe na kazi ya ujuzi uliyoifanya miaka kadhaa. Viza ya kazi ya H-1B kwa kawaida inataka digrii kabisa. Cynthia Feliciano, mwanasosiolojia, aliwahi kulinganisha makundi 32 ya wahamiaji wa Marekani na ndugu zao waliobaki nyumbani. Matokeo aliyochapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika karibu makundi yote waliosafiri walikuwa wamesoma kuliko waliobaki. Ukipepeta mchele jikoni ukawapelekea wageni ule mzima peke yake, si vizuri kuwaambia kwamba shamba lako halitoi chenga.

Nazungumza haya nikiwa mmoja wa waliopepetwa. Nilisoma shule ya msingi Muheza, na katika darasa letu aliyekuwa akinifundisha hesabu chini ya mwembe wakati wa mapumziko hakuwa mwalimu, alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Akili yake ilikuwa kali hata walimu walikuwa wakimwogopa kidogo. Baba yake alifariki tukiwa darasa la sita, yeye akashika shamba la machungwa, mimi nikaendelea na masomo. Leo ana miti yake, ana pikipiki mbili za bodaboda, na anapiga hesabu ya faida kichwani kabla mnunuzi wa kutoka Dar hajafungua simu yake kutafuta kikokotoo. Hayumo katika jedwali lolote la Marekani. Mimi nimo, na ninapoitwa "Mwafrika msomi" namkumbuka yeye, maana bila kutokuwepo kwake sifa hiyo isingenikaa vizuri hivyo.

Sasa ninaishi Louisville, Kentucky, ambako kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya mwalimu na mzazi, kati ya daktari na mgonjwa, natoa Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule. Wengi ninaowahudumia ni Wakongo, waliokaa miaka mingi Nyarugusu kule Kigoma, au Nakivale Uganda, kabla ya kuletwa huku kama wakimbizi. Mwaka wa fedha 2016 pekee Wakongo zaidi ya 16,000 waliingia Marekani kwa njia hiyo, kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Hawa hawakupepetwa na ubalozi kwa vyeti. Walichaguliwa kwa sababu ya madhila yao. Na jedwali linawaweka safu moja na daktari aliyekuja na H-1B: Weusi, waliozaliwa nje.

Nakumbuka kikao kimoja katika shule moja ya sekondari ya mji huu. Kijana mwenye miaka 17, mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, aliyepelekwa Nyarugusu akiwa mgongoni mwa mama yake. Huko kambini shule za Wakongo zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani wanazungumza Kibembe, sokoni Kiswahili. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne, na alikuwa na miezi michache tu nacho. Mwalimu alisema mtihani wa hesabu wa kuwapanga wanafunzi unaonyesha kijana ana kiwango cha darasa la nne au la tano. Mama yake akaniangalia mimi, wala si yule mwalimu, akasema: "Mwalimu, huyu mutoto alikuwa anafundisha wenzake kule. Leo wanasema hajui kitu?"

Niliomba tuone majibu yake. Swali lilikuwa la mwenye duka anayeuza viatu dola 50 na kupunguza bei kwa asilimia 15. Kwenye karatasi yake ya kupigia hesabu kijana alikuwa amefanya kila hatua, safi kabisa, na mwishoni ameandika 42,50. Kwa mkato. Ndivyo wanavyoandika desimali waliosoma kwa Kifaransa. Kompyuta ilitaka nukta, ikamnyima alama. Yapo mengine yaliyomwangusha kwa sababu hakuelewa maneno ya swali, na nilipomsomea kwa Kiswahili alijibu kabla sijamaliza kusoma. Mwalimu, namshukuru, alikuwa mtu mwelewa, alimrudishia mtihani. Ila najua kuna vikao vingi ambavyo hakuna aliyeomba kuona karatasi.

Kijana huyo sasa amevuka miaka ishirini na kidogo. Usiku anapanga vifurushi. Hapa lazima nieleze kitu kuhusu mji huu, kwa sababu kinanifurahisha kila nikikifikiria. Wabongo wa ughaibuni tuna msemo wa "kubeba boksi", kwa maana ya kufanya kazi za chini ugenini, na mara nyingi unasemwa kwa dhihaka. Louisville boksi ni boksi kweli. Kampuni ya UPS ina kituo chake kikuu cha ndege hapa, na kila usiku ndege zinashuka, vifurushi vinapangwa upya, alfajiri vinaondoka. Kwa kuwa wafanyakazi wa usiku walikuwa hawapatikani kirahisi, mwaka 1998 kampuni ilishirikiana na serikali na vyuo vya hapa kuanzisha mpango uitwao Metropolitan College: kijana anafanya kazi usiku, karo yake ya chuo inalipwa. Chuo Kikuu cha Louisville kimo, na chuo cha jamii cha Jefferson kimo. Yaani hapa unaweza kubeba boksi ukatoka na digrii, bila deni.

Bila deni, lakini si bila gharama. Kijana huyu anatoka kazini alfajiri, analala kwa saa tatu, anaingia darasani. Muhula mmoja aliacha kwa sababu mama yake alifanyiwa upasuaji na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwapeleka shule. Anachukua masomo mawili pale wenzake wanapochukua matano. Ukipiga hesabu, siku atakapotimiza miaka 25 na mhesabu watu akabisha hodi, atakuwa bado hajamaliza. Ataandikwa: hana shahada.

Kwenye mkanda huohuo wa vifurushi anasimama mwenzake wa miaka 28, aliyesomea sheria Lubumbashi na kufika huku akiwa na shahada yake kwenye bahasha ya plastiki. Fomu ya idara ya sensa haimuulizi aliipata wapi, wala kama anaitumia. Ataandikwa: ana shahada. Taasisi ya sera za uhamiaji ya Washington, MPI, ilikadiria miaka ya nyuma kwamba wahamiaji karibu milioni 2 wenye digrii walikuwa hawana kazi au wanafanya kazi zisizohitaji zaidi ya cheti cha sekondari. Kwa hiyo wapo vijana wawili, zamu moja, mshahara mmoja, boksi moja kila mmoja analishika upande wake, na jedwali linamhesabu mmoja kuwa amefaulu na mwingine kuwa ameshindwa. Nikiulizwa ni nani kati yao aliyepanda mlima mrefu zaidi tangu aguse ardhi ya Marekani, sitafikiria mara mbili.

Hata hao Waasia tunaowaonea wivu wako hivyohivyo. Ndani ya neno hilo moja yumo Mhindi na yumo Mbhutani. Hesabu za Pew za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba watu wazima wenye asili ya India 75 kati ya 100 walikuwa na shahada. Wenye asili ya Bhutan walikuwa 15. Wahindi wengi walikuja kwa viza za kazi na masomo. Mbhutani alitoka kwenye kambi ya wakimbizi Nepal. Bara moja, milango miwili.

Turudi kwenye swali la mezani, la "wanashindwa na nini".

Jirani yetu wa mtaani ni bibi Mweusi aliyevuka miaka themanini, mzaliwa wa Louisville kama wazazi wake. Tulipohamia hapa, mke wangu akiwa hajajua kuendesha gari, yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka watoto wetu maktaba kila Jumamosi, bila kuombwa na bila kukubali hata senti ya mafuta. Siku moja nilimuuliza kama alisoma chuo. Akasema mama yake alikuwa akipita nje ya chuo kikuu kila siku akienda kufua nguo kwenye nyumba za Wazungu. Hakuendelea, na mimi sikumsukuma.

Nikaenda kusoma. Mwaka 1904 jimbo la Kentucky lilipitisha sheria iliyokuja kuitwa Day Law, ikipiga marufuku Weusi na Wazungu kusoma katika shule au chuo kimoja. Chuo cha Berea, kilichokuwa kikiwafundisha pamoja tangu karne ya 19, kilikwenda mahakamani, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikalipa jimbo haki. Chuo Kikuu cha Louisville, hikihiki anachotamani kuhamia kijana wetu wa Fizi, kilifungua mwaka 1931 chuo kingine cha pembeni kwa ajili ya Weusi, nacho kikafungwa mwaka 1951, Weusi walipoanza kupokelewa kwenye chuo chenyewe. Jirani yangu alikuwa tayari mtoto wa shule. Sizungumzii enzi za Mitume. Nazungumzia mama wa mtu anayeniazima ngazi ya kusafishia mifereji ya paa.

Na kuna jingine ambalo nadhani kila Mwafrika Mashariki aliyeko Marekani angepaswa kulijua. Septemba 1959 ndege iliwaleta wanafunzi 81 kutoka Kenya, kazi ya mwanasiasa Tom Mboya, ambaye alikuwa amezunguka Marekani akiomba nafasi za vyuo na nauli. Barua ya kuchangisha nauli hiyo ilisainiwa na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, Weusi watatu mashuhuri wa Marekani. Ilikuwa harambee hasa, ila waliochanga walikuwa wa huku. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963 vijana mamia kadhaa wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la mwaka 1960, akasoma biolojia Atchison, Kansas. Mwaka 1962, hao wetu wakiwa tayari vyuoni, James Meredith, Mweusi aliyezaliwa Mississippi na aliyelitumikia jeshi la nchi yake, aliingia chuo kikuu cha jimbo lake akilindwa na maofisa wa serikali kuu, na watu wawili waliuawa katika ghasia za kumzuia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta mfumo wa zamani uliowabania Waafrika, ilipita mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za kiraia, kwa upepo uleule. Mlango tulioingilia sisi ulisukumwa na watu ambao tunawauliza wameshindwa na nini.

Tumefaidi hata ndani ya vyuo. Douglas Massey na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba katika vyuo vinavyochagua sana wanafunzi, 27 kati ya kila wanafunzi Weusi 100 walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, wakati katika vijana wote Weusi wa rika hilo walikuwa 13 tu. Nafasi zilizopiganiwa kwa kumbukumbu ya utumwa, watoto wetu walizikalia kwa wingi. Sioni aibu kwa hilo, mtoto akipewa nafasi asome. Ila mtu aliyekalia kiti cha mwenzake hana haki ya kumcheka kwa kusimama. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilizuia vyuo kuzingatia asili ya mwombaji kama vilivyokuwa vikifanya, na hivyo sote sasa tuko foleni moja.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Muheza. Wa mwisho alizaliwa hospitali ya mjini hapa. Wanakula sahani moja, wanagombania chaja moja, na wakifika miaka 25 serikali itawaandika safu mbili tofauti: mmoja Mweusi mzaliwa wa nje, mwingine Mweusi mzaliwa wa Marekani. Yale yanayosemwa mezani kuhusu "hawa waliozaliwa hapa" yanasemwa juu ya kitinda mimba wangu, naye anasikia, maana Kiswahili anakielewa vizuri kuliko anavyokizungumza. Nimemwona akiacha kula.

Sisemi takwimu zitupwe. Bila hizo nisingejua lolote kati ya haya, na zinasaidia kujua wapi pa kupeleka walimu na fedha. Nasema tu kwamba zinahesabu watu walipofika, na sisi tunazisoma kama zimepima walichonacho kichwani.

Kwa hiyo nina ombi kwa wale tulio na digrii zetu ukutani, tulioko Louisville, Dallas, Lowell au Minneapolis. Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Kijana mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuijaza kama raia. Kwa mwaka wa masomo 2024 hadi 2025 ruzuku ya Pell ilifika dola 7,395, fedha isiyorudishwa, na kwa vyuo vingi vya jamii hiyo inatosha karo. Najua familia ambazo hazikuijaza kwa kuogopa kwamba ni mkopo, au kwamba itapunguza msaada wa chakula, au kwa sababu tu hakuna aliyeweza kusoma ukurasa wa kwanza. Mwaka huu chukua mtoto mmoja ambaye si wako, awe wa Mkongo wa ghorofa ya chini au mjukuu wa bibi wa jirani, kaa naye jioni moja mbele ya kompyuta, muijaze. Mwambie mzazi aje na fomu zake za kodi na namba ya hifadhi ya jamii ya mtoto. Kuijaza ni bure. Akitokea mtu anadai malipo ili akujazieni, mkatalieni.